Pikapu ya kazi: manuali au otomatiki? Tuanze na dereva na barabara

Fundi Giaboksi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna kauli mbili zimeota mizizi vijiweni. Ya kwanza: pikapu ya kazi ni manuali, otomatiki waachiwe watu wa mjini. Ya pili: manuali ina nguvu kuliko otomatiki. Ya kwanza ina ukweli nusu. Ya pili, kwa pikapu za miaka hii, si kweli, na imewafanya watu watoe pesa ndefu kwa gari lisilowafaa. Mimi ni fundi wa giaboksi, niko ukanda wa Njombe. Gari zinazoingia kwangu ni za viazi, mbao, mbolea na parachichi. Nashusha giaboksi za aina zote mbili, kwa hiyo sina upande ninaoupigia debe.

Tuanze na hiyo nguvu. Chukueni Hilux ya 2.8, injini ya 1GD, iliyoboreshwa mwaka 2020. Injini ni ile ile, lakini yenye otomatiki inatoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 500 na yenye manuali inatoa Nm 420. Ilipotoka 2015 mambo yalikuwa hivyo hivyo, 450 kwa 420. Torki yote ile ikipitishwa kwenye klachi pleti moja, chini ya mguu wa dereva yeyote atakayekuja, klachi na giaboksi havidumu, ndiyo maana ya manuali imebanwa tangu kiwandani. Otomatiki haina klachi ya mguu. Injini na giaboksi vinakutana kwenye tokonveta kwa njia ya oili, na gari linapoanza kuondoka ile tokonveta inaikuza torki ya injini karibu mara mbili. Hilux ya otomatiki yenye tani moja mgongoni inaondoka mlimani bila kunuka, na jirani yake wa manuali bado anatafuta pale klachi inaposhika.

Anayesema manuali yake ina nguvu, mara nyingi anachokipenda ni kwamba gari linamtii. Anaweka gia anayoitaka na inakaa hapo hapo. Hilo ni la kweli na lina thamani kubwa kwenye mteremko, nitalirudia.

Adui wa giaboksi zote ni joto. Zinatofautiana kwa anayelileta.

Klachi inaunguzwa na mguu. Nikishusha giaboksi ya manuali iliyokufa klachi kabla ya wakati, flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi inashika, naikuta ina madoa ya bluu na nyufa nyembamba ambazo unaziona ukishaipitisha msasa. Madoa yale ni chuma kilichopata moto sana. Ukimhoji dereva kwa upole utasikia: alikuwa analishikilia gari kilimani kwa klachi badala ya breki ya mkono, au anaondokea namba mbili akiwa na mzigo, au anapanda na rivasi kuingia ghalani. Hii ya rivasi inaua klachi nyingi sana huku kwetu. Unarudi nyuma taratibu, huoni vizuri, utingo anapiga kelele "njoo, njoo," na muda wote huo klachi imeshika nusu. Kama chini ni udongo au changarawe, ingiza 4L, ile ya magurudumu manne ya mwendo mdogo, kabla ya kurudi. Gari litatambaa lenyewe na mguu utautoa kabisa.

Otomatiki inaunguzwa na kusahauliwa. Kuna maneno kwamba oili yake ni ya kudumu, haibadilishwi. Kwa gari la mzigo mimi siyakubali. Ukifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, utakuta sumaku ndogo. Zikiwa na tope laini la kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida, zifute urudishe. Zikiwa na vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, na oili ni nyeusi inanuka kuungua, jiandae kwa gharama. Ikitoka na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani. Kwenye magari mengi oili ya gia inapozwa ndani ya rejeta ile ile ya injini, na kile kipozeo cha ndani kikitoboka, maji na oili vinachanganyika na zile klachi ndogo za ndani zinaanza kubanduka. Nimeona giaboksi nzima imekwenda kwa sababu ya rejeta iliyochoka.

Sasa ule ukweli nusu. Klachi seti utaipata Makambako, Mafinga, Tunduma, na fundi mwenye mikono mizuri anaibadilisha kwa siku moja chini ya mwembe. Otomatiki inataka sehemu safi, mashine ya kupimia, oili sahihi na mtu anayejua anachokifungua. Wengi ikiwasumbua wanaagiza giaboksi iliyotumika kutoka Dar, na hiyo nayo hujui imetoka kwenye gari la namna gani. Mtu wa kijijini anayeogopa otomatiki ana sababu yake.

Msimamo wangu ni huu: manuali inamtegemea dereva, otomatiki inamtegemea mwenye gari. Kama gari litapita mikononi mwa madereva wanaobadilika kila msimu, na wewe mwenyewe ni mtu wa kufuatilia oili na rejeta, otomatiki itakupunguzia maumivu, maana hakuna wa kuiunguzia klachi. Kama gari litakaa mbali nawe na huna hakika nani atalifanyia sevisi, chukua manuali. Klachi ikianza kuisha inakuonya kwa wiki kadhaa, na hata ikifa, inafufuka palepale ilipofia.

Karibuni tujadili.

Mkulima Matamba

Kaka fundi, umenigusa. Mimi ni mama, nalima viazi Matamba na ninaendesha mwenyewe. Goti langu la kushoto lina shida, kwa hiyo moyo wangu uko kwenye otomatiki. Lakini unaijua barabara ya kutoka Chimala kupanda huku, ile ya kona 57. Kupanda sina hofu. Kushuka na magunia nyuma, mvua imenyesha, watu wananiambia otomatiki "haina kizuizi," itanishinda. Ni kweli?

Fundi Giaboksi

Mama, hofu yako ni ya msingi na jibu linatoka kwenye liva, si kwenye breki.

Otomatiki ukiiacha kwenye D mteremkoni, inaona hujakanyaga mafuta, inadhani unatembea tambarare, inapandisha gia. Gari linakuwa huru, wewe unaning'inia kwenye breki, na kufika kona ya ishirini breki zinanuka. Hapo ndipo yanapotoka maneno ya kwamba haina kizuizi. Kizuizi kipo, lakini lazima ukiombe. Kabla hujaanza kushuka, ukiwa bado juu na mwendo mdogo, sogeza liva upande wa S, pale unapojichagulia gia mwenyewe, kisha ivute mpaka 2. Kwenye zile kona kali shusha hadi 1. Utasikia injini inanguruma, usiogope, hiyo ndiyo sauti ya gari kujizuia. Breki unaikanyaga kwa nguvu kidogo, unaachia, unasubiri, unakanyaga tena. Usiiweke mguu juu muda wote.

Ukishaanza kukimbia, usitegemee kuvuta liva ikuokoe. Kompyuta inaweza kukataa kushusha gia kwa sababu mwendo umeshakuwa mkubwa na injini itapita kiasi. Kwa hiyo gia inachaguliwa juu ya mlima.

Kukiwa na tope au changarawe, ingiza 4L. Namba moja ya 4L kwenye otomatiki haizuii kama manuali, huo ni ukweli na sitauficha, lakini kwa kona za Chimala inatosha kabisa. Kuna pikapu zina DAC, ile swichi ya kushukia. Ni nzuri kwa kipande kifupi chenye utelezi. Ila jua kwamba inafanya kazi kwa kuzikanyaga breki yenyewe, kwa hiyo mteremko mrefu nayo itazipasha moto.

Kanuni ya wazee haijabadilika: gia utakayoshukia ni ile ambayo ungepandia. Ni hivyo hivyo mlima wa Kitonga, na ni hivyo hivyo kwako.

Msafiri wa Meru

Salamu kutoka Kenya. Fundi nakuheshimu, lakini kuna mambo umeyaruka.

Mimi nimeendesha Hilux za miraa, kutoka Maua kuingia Nairobi. Miraa lazima ifike ikiwa mbichi, gari haingoji mtu. Kila mtu kwa hiyo kazi anachukua manuali, na sababu si kiburi. Ukiharibikiwa usiku Chuka ama Embu, unaamsha fundi yeyote na asubuhi mzigo umefika. Betri ikikufa, vijana wanasukuma, unaweka namba mbili, unaachia klachi, inawaka. Otomatiki hata wakusukume mpaka kesho haiwaki.

Pili, udongo mweusi. Ukikwama kwa ule mfinyanzi wakati wa mvua, kinachokutoa ni kuchezesha gari mbele na nyuma. Na manuali naenda namba moja, rivasi, namba moja, rivasi, mpaka gari inajitoa. Jaribu hivyo na otomatiki uone.

Na kwa wanaotafuta dereva huku kwetu, angalieni leseni. B1 ni ya otomatiki, B2 ndiyo ya manuali. Vijana wengi siku hizi wana B1 peke yake. Ukinunua manuali, unawaacha hao nje.

Fundi Giaboksi

Msafiri, la betri sina ubishi. Mwenye otomatiki abebe nyaya za kuchajia na aibadilishe betri kabla haijamsaliti. Hata la kuvutwa liongezwe hapo hapo: otomatiki usiivute umbali mrefu huku matairi ya nyuma yakizunguka chini, maana pampu ya oili ya giaboksi inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, vyuma vinazunguka vikavu. Ipandishwe kwenye gari la kubebea, au ufuate kitabu cha gari kuhusu kuweka kigawa nguvu, ile giaboksi ndogo ya 4H na 4L, kwenye nyutro.

La tope nakubaliana nawe nusu. Kuchezesha mbele na nyuma kwa otomatiki kunapasha oili haraka sana, na nimepokea gari zilizoharibiwa kwa mtindo huo. Lakini pikapu iliyokwama kwenye udongo wa mbuga kwanza inataka jembe na upepo wa tairi upunguzwe. Na kabla ya kukwama, otomatiki ina faida: ukiwa 4L inatambaa kwa mwendo ule ule bila kukatika, wakati manuali ukibadilisha gia katikati ya tope, sekunde moja ile ya kukanyaga klachi inatosha gari kusimama. Na lililosimama ndiyo limezama.

Kwa kuwa umetaja barabara za kwenu, niombe jambo moja kwa madereva wote: acheni kutia nyutro mteremkoni kwa kuokoa dizeli. Salgaa imechukua watu wengi kwa tabia hiyo, na kwetu Mlima Mbalizi pale Mbeya unalia kilio hicho hicho. Injini hizi za kisasa ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta inafunga dizeli yenyewe. Ukitia nyutro ndiyo unailazimisha inywe ili isizime. Huokoi kitu, na breki umeziacha peke yake.

Abu Muscat

Asalaam aleikum. Nachangia kutoka Oman, niko huku kikazi na nimeendesha pikapu za kampuni za aina zote mbili.

Kwenye mchanga otomatiki haina mpinzani. Mchanga wa Sharqiya hautaki ukate nguvu hata kidogo. Unapunguza upepo wa tairi, unaweka 4H (magurudumu manne ya mwendo wa kawaida) au 4L, unakanyaga taratibu na gari linapanda tuta moja kwa moja. Wenzetu wa manuali wakibadilisha gia katikati ya tuta wanabaki pale pale.

Lakini anachosema fundi kuhusu kushuka nimekiona kwa macho yangu Jabal Akhdar. Pale chini Birkat al Mawz kuna kizuizi cha polisi, hupandi kama huna fowili, gari la magurudumu manne. Barabara ni lami nzuri na juu ni kama mita 2,000. Watu wanapanda vizuri, wakishuka wanaacha liva kwenye D, na chini unawakuta wameegesha, magurudumu yanatoa moshi. Gari zao si mbovu. Hawajui kwamba S ina kazi.

Dereva wa Siku Nyingi

Mleta uzi, umeandika vizuri lakini umetutwisha sisi madereva mzigo wote. Sema na upande wa mabosi.

Pikapu ya tani moja inapakiwa lumbesa mpaka springi zinageuka. Dereva ukikataa, kesho kuna mwingine kwenye usukani. Klachi ikiisha, bosi ananunua pleti ya bei ya chini, haiweki na presha pleti mpya, rilizi beringi anarudishia ile ile ya zamani, halafu baada ya miezi michache anasema dereva kaunguza. Hiyo klachi ilikuwa imeshakufa siku inafungwa. Na hizo otomatiki mnazozisifia, mkizipakia hivyo, tuone.

Fundi Giaboksi

Mkuu, umesema kweli tupu na ninaiunga mkono kwa maandishi. Klachi inafungwa seti: pleti, presha pleti na rilizi beringi, na flaiwili inapelekwa kuchongwa au kubadilishwa kama ina nyufa. Kushusha giaboksi ndiyo kazi yenyewe. Ukishaishusha, kubania beringi ni kujitafutia kazi ya kuishusha tena. Na kwenye baadhi ya pikapu za dizeli za manuali kuna flaiwili ya vipande viwili, yenye springi katikati. Ikichoka, gari linatetemeka na kugonga ukizima injini, na bei yake inamfanya mtu aione manuali kwa jicho jingine. Uliza hilo kabla ya kununua, maana sifa ya manuali ya "spea rahisi" inategemea sana na flaiwili.

Kuhusu kuzidisha mzigo, otomatiki inaumia vile vile, ila inaumia kimya. Mlimani ikiwa D na mzigo umezidi, inahangaika kati ya gia ya nne na ya tano, inapandisha, inashusha, na kila mara inaongeza joto. Dereva hasikii harufu yoyote kwa sababu yote yako ndani ya oili. Ukiona inahangaika hivyo, weka S ibane kwenye 3 au 4 mpaka mlima uishe. Na anayebeba mzigo mkubwa kila siku namshauri afunge kipozeo cha oili cha ziada mbele ya rejeta. Nimekifunga kwenye gari nyingi za mbao na nakiamini.

Mgeni wa Pikapu

Wakuu samahani, swali la mtu anayeanza. Nikiangalia Hilux za Japani kwenye mitandao ya kuuza magari, naona karibu zote ni otomatiki. Za Thailand naona manuali kibao. Ni kwa nini? Na kuna anayeniambia niachane na Hilux nichukue Land Cruiser 79 kwa sababu "haijawahi kuwa na otomatiki."

Fundi Giaboksi

Toyota waliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, wakairudisha 2017, ikiwa na injini ya 2.4 na otomatiki ya gia sita. Kwa hiyo Hilux ya Japani ya miaka ya karibuni ni otomatiki. Thailand ndiko zinakotengenezwa kwa wingi, wakulima wa kule wanazitumia kama sisi, na usukani uko kulia kama kwetu, ndiyo maana soko letu limejaa Hilux za kule, Vigo (toleo la zamani) na Revo (lililofuata). Na ukikutana na otomatiki za zamani, jua kwamba Vigo nyingi za mwanzo zilikuwa na gia nne tu. Zile kweli zilikuwa zinakunywa zaidi na zinachoka kwenye mlima mrefu, na sifa mbaya ya otomatiki kwa sehemu kubwa ilitoka huko. Revo ya gia sita ni kitu kingine kabisa.

Land Cruiser 79, yule aliyekuambia amepitwa. Yenye injini ya 1HZ ya 4.2 ni manuali ya gia tano na ndiyo tunayoijua kwenye miradi na hospitali za vijijini. Lakini tangu mwishoni mwa 2023 kuna ya injini ya 2.8, ile 1GD ya Hilux, inayokuja na otomatiki ya gia sita na Nm 500. Yaani hata wale wa 79, waliokuwa wagumu kuliko wote, wamefungua mlango. Kwa mtu anayeanza na bajeti ya kawaida, 79 ni gari la kumiliki baadaye. Ukitaka manuali isiyo na mambo mengi, tafuta Hilux au Isuzu D-Max yenye historia ya sevisi, na wenzetu wa Kenya watakuambia D-Max inaunganishwa pale Nairobi na spea zake haziwasumbui.

Msafiri wa Meru

Hapo kwa D-Max nakuunga mkono. Spea ziko kila mji. Lakini fundi, utupe vile mtu anaweza kupima gari kabla ya kulipa. Madalali wanatumaliza.

Fundi Giaboksi

Sawa. Manuali kwanza, kwa sababu ni fupi. Ukiwa namba tatu, mwendo mdogo, kanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikipanda kelele na gari halisogei sawasawa, klachi inateleza. Kisha simamisha gari, injini ikiwa inanguruma, nyutro, mguu nje ya klachi. Ukisikia mlio unaopotea ukikanyaga klachi, hiyo ni beringi ya ndani ya giaboksi. Mlio ukianza pale unapokanyaga, ni rilizi beringi. Ya pili ni nafuu, ya kwanza siyo. Halafu shusha kutoka namba tatu kwenda mbili ukiwa unatembea. Ikikwaruza, sinkronaiza, kile kinachoilainisha gia iingie, imechoka.

Otomatiki, nenda asubuhi injini ikiwa baridi, na umwambie dalali asiiwashe kabla hujafika. Gari likishapata moto huficha mengi. Washa, kanyaga breki, toa P weka R, kisha N, kisha D. Kila gia inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja au mbili, bila kugonga. Tembea mpaka ipate moto, panda mlima, sikiliza kama kuna kuteleza wakati wa kubadilisha gia. Rudi, simama, rudia zile P, R, D. Kama asubuhi ilishika vizuri na sasa inachelewa, oili ikipata moto presha inashuka ndani, na hapo ndani kuna kazi. Angalia rejeta: maji yakiwa na mafuta juu, ondoka. Mwisho lipimwe kwa mashine, na uone kama kumbukumbu za hitilafu zimefutwa jana yake.

Mkulima Matamba

Kaka fundi, nimekwenda Mbeya leo kuangalia Revo ya 2.4 otomatiki, ya Thailand. Nimefanya ulivyosema, asubuhi na mapema. D inashika vizuri. R inachelewa, nilihesabu mpaka tatu, ikashika kwa kugonga kidogo. Baada ya kupata moto ikawa nzuri, haigongi. Muuzaji anasema ni baridi ya Mbeya tu. Sampu inaonekana imefunguliwa, ina alama za spana. Bei amenipunguzia. Moyo wangu unaipenda, gari ni safi. Nifanye nini?

Fundi Giaboksi

Mama, usimlipe bado. R inayochelewa wakati wa baridi na kupona ikipata moto inaweza kuwa oili imepungua au siyo yenyewe, na inaweza kuwa sili za ndani zimekakamaa. Zile alama za spana zinanifanya niwaze la kwanza. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia oili. Inapimwa injini ikiwa inanguruma, oili ikiwa na joto la nyuzi 40 hivi, gari limekaa sawa, unafungua plagi ya kipimo mpaka oili inachuruzika kidogo kidogo. Fundi aliyeimwaga na kuijaza kwa kukisia huwa anaiacha pungufu, au anaweka oili yoyote nyekundu aliyoikuta dukani. Hii inataka Toyota WS.

Mwambie muuzaji hivi: sampu ifunguliwe mbele yako, uone sumaku, filta iwe mpya, ijazwe WS na ipimwe kwa joto hilo. Gharama mgawane, au aikate kwenye bei. Ukimwaga mara moja sehemu kubwa ya oili ya zamani inabaki kwenye tokonveta na kipozeo, kwa hiyo tembeza gari kilomita chache umwage tena. Halafu liache lilale usiku mzima, na asubuhi urudie R. Ikishika ndani ya sekunde mbili bila kugonga na sumaku zilikuwa na tope laini tu, chukua gari lako, na oili hiyo uibadilishe kila kilomita 50,000 kwa kazi ya viazi. Ikichelewa tena, muachie gari lake hata akipunguza bei mara mbili. Akikataa sampu kufunguliwa, jibu umeshalipata hapo hapo. Nipigie picha ya zile sumaku kabla hazijafutwa, uiweke hapa hapa kwenye uzi, na wengine waione.